Kompyuta za Wodini Zisizimwe

Dada yangu,

Shikamoo. Huku wazima. Mama goti limemwachia kidogo, ameanza tena kugombana na kuku wa jirani.

Barua hii nimempa dereva wa dawa kwa sababu simu zenu huachwa mlangoni, na mtunza mitambo wenu hapokei yangu. Dada, naogopa.

Kompyuta zenu za wodini hazina diski. Zikiwashwa, huomba maelekezo kwenye mtandao ndipo ziamke. Mimi ndiye niliyerekebisha namna kiini cha mfumo, ile programu inayoziendesha, kinavyosoma maelekezo hayo. Nilijaribu mafupi, yakapita. Bosi akauliza, "Na marefu?" Nikamjibu, "Nani anayo?" Leo asubuhi nimegundua kwamba marefu hukatwa mkiani, na mashine hugoma kuamka. Nikakumbuka ni nani anayo. Ni nyinyi. Niliyaandika mwenyewe, mwaka ule nilipokuja kuwafungia mashine hizo.

Marekebisho yalifika kwenu Jumanne. Zilizowaka hazina neno. Ila zikizimwa tu, haziwaki tena.

Na wewe uliniambia leo saa nane fundi umeme atakata umeme ili ajaribu jenereta. Mzuie, hata kama ni kumfungia mlango. Ukishindwa, acha kusoma hapa, chukua kalamu, unakili dozi ya kila mgonjwa kabla skrini hazijazimika. Kunigombeza kutasubiri.

Mdogo wako, yuleyule uliyemwita Bwana Haraka