Taya la Inspekta

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani, na uzipokee ukiwa umeketi, maana leo nina maneno mengi. Natumaini kile kikohozi kimekiachia kifua chako, na kwamba shemeji na wapwa zangu ni wazima. Sisi tunaendelea. Shangazi magoti yanamsumbua, ila ulimi wake bado haujaugua. Baba yuko vilevile. Upande wa kulia haujaamka tangu alipopooza, maneno yanamtoka polepole, na mdomo haufungi vizuri.

Umeniuliza habari za Inspekta. Ni kweli, aligongwa na pikipiki. Niliona hajaja kupekua mfuko niliorudi nao kutoka sokoni, nikajua kuna jambo. Nilimkuta chini ya gari bovu la jirani, taya limevunjika, ulimi uko nje. Daktari wa mifugo alilifunga taya kwa waya, kisha akaniambia wazi kwamba paka wa namna hii wengi hawauawi na jeraha bali na njaa, kwa kuwa mwenye paka huchoka. Kama sina subira niseme mapema, amlaze asiamke tena. Nikamwambia subira ninayo.

Na kweli nilikuwa nayo. Nilisaga nyama kwenye supu, nikaichuja kwa kitambaa, nikamtilia pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, tone baada ya tone. Nusu ilirudi pamoja na mate na usaha. Nilimfuta kidevu kwa pamba, na pamba ilipokwisha nikamfuta kwa kidole. Akawa hawezi kujilamba, ananuka kama kitambaa kilichosahaulika ndooni, lakini nililala naye kifuani. Kinyozini nilikwenda naye ndani ya boksi, nikamweka chini ya kioo changu, na wateja wakaniuliza kama naye anasubiri kunyolewa. Alinitapikia mapajani mara nyingi, nami nikabadili suruali bila kununa.

Wiki zilikwenda hivyo, leo nafuu, kesho anarudi nyuma. Siku aliyolamba supu mwenyewe kwenye sahani nilimwita Shangazi aje aone, na machozi yakanitoka. Shangazi alitazama, akasema kumbe nina mkono mwepesi hivi, kisha akarudi kwenye beseni, kwenye shuka za Baba alizokuwa akizifua. Nilijitia sikuelewa.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu, maana kwa simu ningekata kabla sijalisema. Umeniandikia kwamba unajivuna mbele ya wenzako kazini, kwamba baba yako analelewa na mwanawe, analishwa na kuogeshwa na mwanawe. Habari hizo ulizipata kwangu. Hazikuwa za kweli, dada. Kila kitu alikuwa akikifanya Shangazi, na magoti yale yale. Mimi nashika nyuso za watu nisiowajua kutwa nzima, lakini ndevu za Baba alikuwa akizinyoa Shangazi, tena kwa wembe wa kawaida. Mimi nilikuwa nikimsalimia kutoka mlangoni.

Majuzi Shangazi alikwenda zahanati, akaniachia bakuli la supu ya Baba. Nilianza na paka. Nilipomaliza kumfuta mdomo, nikaweka bakuli kwenye kigoda mbele ya Baba, nikamtia kijiko kwenye mkono wake mzima, nikamwambia kuna mteja ananisubiri. Hakukuwa na mteja. Nilisimama dukani kwa jirani nikizungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu.

Niliporudi, supu ilikuwa kifuani kwake na imepoa, shati limemgandia, kijiko kiko sakafuni. Niliuliza kwa nini hakuniita, na sauti yangu ilikuwa kali, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Baba alitafuta maneno muda mrefu, kisha akasema, "Naona unavyogeuza uso, mwanangu. Sikutaka kukusumbua."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayeomba radhi.

Dada, ni kinyaa. Nimelitafutia neno zuri zaidi na sikulipata. Mate ya paka niliyafuta kwa kidole. Mate ya Baba yananigeuza tumbo. Na yeye aliketi kwenye kiti kile siku zote akinitazama nikimbembeleza mnyama, akijua, na akanyamaza ili mimi nisione aibu.

Nilimvua shati, nikachemsha maji, nikamwogesha. Nisikudanganye tena: katikati ya kumwogesha nilitoka nje nikashika ukuta. Nikarudi. Mikono ilinitetemeka hadi Baba akaniuliza, kwa maneno yake ya vipande vipande, kama wateja wangu nao nawaogopa hivi.

Tangu hapo asubuhi namlisha mimi, na ndevu namnyoa mimi. Inspekta anakula mwenyewe, taya limepinda kidogo, anaonekana kama mtu anayedharau kila anachoambiwa. Baba hatapona kama yeye, hilo tunalijua. Naomba uwaambie wenzako ukweli, kwamba baba yako amelelewa na shangazi yako, nawe umwandikie mwenyewe umshukuru. Mimi usinisifu. Bado nageuza uso mara mojamoja. Baba akiona, hufumba macho, hunisubiri, kisha hufungua mdomo.

Wabusu wapwa zangu kwa niaba ya mjomba wao, na shemeji mpe mkono wangu. Shangazi anasema ule, usije ukakonda ukamtia aibu. Baba anakusalimu, amenitaka niandike kwamba hajambo.

Ni mimi mdogo wako,
kinyozi