Majibu Yangu Kinywani Mwako

Nyumba za Polisi, Mlango wa 9
12 Aprili

Mpendwa mdogo wangu,

Nafasi yangu ya chuo niliipoteza Jumanne, tarehe 4 Machi, saa tano na robo asubuhi. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalainika.

Haya, hujambo? Kifua kimepona? Mimi ni mzima. Mama naye anatembea vizuri, na picha yako ya maktaba anaionyesha hata kwa fundi bomba.

Nina wivu, ndugu yangu. Naukiri mwenyewe usije ukausikia kwa watu. Mimi nina miaka kumi na minne kazini, wewe miwili. Sekondari niliimaliza kwa masomo ya jioni, sare mwilini. Leo shahada ya taaluma ya polisi unasoma wewe, na mimi niko kaunta naandika simu zilizopotea.

Tuliomba wote, nafasi moja. Hata hivyo nilikufanyisha mazoezi ya usaili jioni sita kwenye simu. Ndipo nikakusimulia ninavyoingia nyumba yenye ugomvi: sipigi kelele, naomba maji ya kunywa. Anayekwenda jikoni kuyaleta ametoka chumbani, na wagombanao wametengana bila kuvutana. Nyumba sitini na moja, zimenishinda mbili tu. Hakuna aliyenifundisha.

Siku ya usaili uliingia wa kwanza, mimi wa tano. Nilipofika kwenye maji, mwenyekiti wa kamati akacheka. “Afande, hii tumeshaisikia leo. Mmekariri pamoja?” Kwenye fomu yangu wameandika: amenakili.

Sikukushtaki, nikajiambia ni damu yangu. Kisha ikaja barua yako kwa Mama: mhadhiri amekusimamisha mbele ya darasa uifundishe mbinu hiyo, na wenzako wanaiita kwa jina lako.

Sitaki nafasi yako. Soma, umalize. Ila Septemba wanachukua wengine, na mwenye neno “amenakili” kwenye fomu hasailiwi tena. Rufaa inafungwa Ijumaa tarehe 25. Kamati inataka maelezo yako, ukurasa mmoja wenye saini: mbinu uliipata kwa nani, na lini.

Najua utaona aibu mbele ya darasa. Mimi niliiona yangu mbele ya kamati ya watu watano.

Shangazi anakusalimu, na shemeji yako, na mtoto wetu Kifutio, ambaye ameota meno mawili. Mungu akulinde na baridi ya huko na akufungulie akili.

Sasa nijibu, wala usinizungushe kwa habari za mitihani. Utaandika au hutaandika? Nataka neno moja, Jumatano tarehe 23, kabla ya saa kumi jioni. Ukikaa kimya, saa kumi na dakika moja mimi mwenyewe nitamwandikia mhadhiri wako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Koplo wa kaunta