Chumba cha Chini, Mkunazini

Mkunazini, 6 Januari 2024

Mjomba Himid,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti lako limepoa? Mimi mzima, ila tangu Bibi afariki nyumba imekuwa na mwangwi.

Juzi ulinipigia simu kwamba nihame kabla ya Ramadhani, maana kuna bwana anaitaka nyumba yako yote aifanye ya wageni. Nikakuitikia naam, kwa sababu umri wako hauniruhusu kusema jengine. Sasa nasema jengine.

Ulipokuja Makunduchi kunichukua, ulikaa barazani kwa mama ukasema nije nimuuguze Bibi, na chumba cha chini kitakuwa changu mpaka nife. Tukanyanyua mikono, ikasomwa Fatiha. Nikauacha mwani wangu baharini, vigingi akavirithi jirani. Miaka mitatu nimemgeuza Bibi kitandani mpaka Mungu alipomchukua. Naomba unijibu kwa maandishi.

Mpwa wako,
Mwatima

*

Kiembe Samaki, 9 Januari 2024

Mpwa wangu Mwatima,

Wa alaykumu ssalaam, marahaba. Goti linauma bado, na linatabiri mvua kuliko redio.

Barua yako kaileta jirani yako Bi Tabia, akasimama mlangoni mpaka nikaifungua, kama katumwa na mahakama. Simu unayo, wiki iliyopita ulinitumia picha ya pweza. Leo barua, na tarehe juu yake. Nani anakufundisha? Nnajua unashinda kwenye lile duka la kutoa kopi Vuga, mawakili wanaingia na kutoka.

Fatiha ile ilikuwa ya kumuombea Bibi shifaa, apone. Na mimi nilisema inshallah. Maneno ya barazani yanabaki barazani. Kama watu wangeshitakiwa kwayo, gerezani wangejaa waungwana watupu.

Funguo mwachie Bi Tabia.

Mjomba wako,
Himid

*

Mkunazini, 15 Januari 2024

Mjomba,

Shikamoo tena. Pole na goti, jaribu mafuta ya karafuu.

Hakuna anayenifundisha. Nasoma ninachokitoa kopi, maana mashine ikifanya kazi hakuna pengine pa kutazama. Nilichofahamu ni hiki. Mtu akisema nitakupa, kwa mapenzi tu, akageuka, sheria haina la kumfanya. Lakini akisema nifanyie hili nikupe lile, na mwenzake akalifanya kweli, hapo pana mkataba, hata kama ulifungwa barazani. Fatiha haiongezi wala haipunguzi. Tabu ni kuthibitisha kilichosemwa, na mama yangu siku hizi hakumbuki hata alichokula mchana.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekuwepo. Ulisema, hukusema?

Mpwa wako,
Mwatima

*

Mkunazini, 12 Februari 2024, asubuhi

Mjomba,

Shikamoo. Natumai uko salama, kwa sababu wiki nne sina habari zako. Bi Tabia alikuja kwako mara mbili. Mara ya pili aliambiwa umelala, na aliyemwambia ni wewe.

Jana yule bwana wa wageni kaja na futi kupima kuta. Kaanza na kitanda changu, nami nimekikalia.

Basi nakukumbusha. Uliniahidi vyumba viwili, cha chini na kile cha roshani, bila sharti lolote, kwa sababu unanipenda. Nnavitaka vyote viwili.

Mpwa wako,
Mwatima

*

Kiembe Samaki, 12 Februari 2024, alasiri

Mwatima,

Salamu baadaye. Vyumba viwili vipi? Nimekuwa karani wa forodha miaka thelathini na moja, na hajatokea mtu kunitilia mdomoni neno nisilolisema.

Roshani haikutajwa. Nilisema chumba cha chini, kimoja, ukae umri wako wote. Na sharti lilikuwepo: uache kazi yako, uhamie mjini, umuuguze Bibi mpaka mwisho wake. Mapenzi hayakutajwa kabisa.

Usinizulie.

Mjomba wako,
Himid

*

Mkunazini, 14 Februari 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kuona una nguvu za kuandika.

Roshani nilikuzulia makusudi, unisamehe. Nilijua ombi langu utalinyamazia, lakini kosa hutoliacha likae hata mpaka magharibi. Bi Shahida, wakili ninayemtolea kopi, kaisoma barua yako mara mbili, kisha akavua miwani. Kasema anavyovitafuta vimo: ulichoahidi, ulichotaka nikufanyie, na saini yako chini. Kuwa nilikufanyia, mtaa mzima unajua.

Sitaki kukusimamisha mbele ya hakimu. Nataka tuandikiane karatasi kwa sheha wa mtaa, mbele ya muhuri wake, Jumatatu saa tatu. Yule bwana akitaka ghorofa za juu, azichukue, wageni wake nitawaamkia.

Mpwa wako,
Mwatima

*

Kiembe Samaki, 17 Februari 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimepaka mafuta uliyoniambia. Nanuka kama ghala, lakini natembea.

Nimemwambia yule bwana kuwa chini pana mtu. Akauliza, mpangaji? Nikamwambia mpwa wangu. Akacheka, akasema mpwa si huhamishwa tu. Nikamjibu na mimi nilidhani hivyo.

Jumatatu nitakuja. Karatasi iandike wewe, mimi nitaisoma. Nikiona kosa nitakwambia kwa mdomo.

Mjomba wako