Baba, Mama Ananiuliza Kama Apande

Baba, kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiugua utotoni, hapa Kitandililo? Mama alinigusa paji la uso kwa mikono iliyotoka kwenye maji ya baridi, akashtuka: "Huyu mtoto anaungua!" Wewe uliyekuwa ukiota moto ukanigusa, ukasema, "Mbona wa kawaida tu?" Mkabishana mpaka mkanisahau mgonjwa mwenyewe.

Kazi yangu ndiyo hiyo sasa, nasikitika tulikuzika kabla sijakueleza. Setilaiti hupima joto la uso wa bahari, lakini hazidumu. Moja ikichakaa hurushwa nyingine, na kila moja ina mkono wake, kama ninyi wawili. Tunatafuta kipindi ambacho zote mbili ziliipima bahari ileile, tunajua ipi inazidisha na ipi inapunguza, ndipo tunaziunga rekodi zao ziwe moja ndefu. Nilitamani tukishaondoa makosa ya vyombo, na joto lipungue. Halikupungua. Bahari inazidi kupata joto, Baba, miaka nenda miaka rudi.

Wiki iliyopita nilishuka Makambako, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani. Mvua ya kwanza ilimdanganya mama. Alipanda, mahindi yakachipua, jua likayamaliza. Amebakiwa na ndoo moja ya mbegu.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe unayeiangalia bahari mvua inakotoka, nipande au nisubiri?"

Joto la miaka yote hiyo nalijua. Mvua ya shamba letu wiki ijayo siijui. Nilimweleza hivyo kwa maneno mengi mno. Akanisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mchungaji mgeni.

"Haya," akasema. "Baba yako angesemaje?"

Hilo nalo sikulijua. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia. Ungekuwepo pengine ungekosea, lakini ungeamua, na mama angepata wa kumlaumu. Mimi sina hata hilo la kumpa.

Asubuhi alibeba jembe na ndoo, nikamfuata. Alichimba, nikadondosha mbegu, akafukia. Hakuuliza tena. Tulipanda zote.

Mpaka naandika haya, haijanyesha.

Pumzika, Baba. Huku tunatazama juu.

Ni mimi, binti yako.