Tata, Tulipewa Chumba Kimoja

Tata,

Ungekuwa hai nisingekuandikia. Mke wa mwanao akuandikie wewe barua, ya nini? Nilikuwa nakuamkia nikiwa nimeinamisha macho, nawe unaitikia ukitazama chai upande wa bonde, na salamu zikafika vizuri tu. Tangu mwanao Nyabuto anilete kwenu Kimulot sikuwahi kukupa mkono, wala hukuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yetu. Chakula chako nilikifikisha mlangoni pako, mjukuu wako Moraa akakuingizia. Ndiyo heshima ya baba mkwe na mke wa mwana uliyotoka nayo Kisii, chinsoni, ukaja nayo huku kwenye majani chai, na hukuiweka chini hata siku moja. Kwa hiyo nisamehe kwa kukuita hivi, ana kwa ana. Nimebanwa na jambo, na ni wewe peke yako unayelijua.

Kwanza habari za nyumbani. Ule mlima ulioteremka bado haujatulia, na tumekatazwa kujenga tena pale. Nyumba yako na yetu zimelala chini ya tope. Michai yako ya juu ilipona, lakini hakuna anayeichuma, imerefuka ovyo mpaka inachekesha. Siku zetu za kulipiwa gesti ziliisha wiki ile tuliyokuzika kwa ndugu zako Kisii. Sasa tumepanga chumba nyuma ya soko hapa Kaplong. Nyabuto bado anapasua mbao Londiani na anakuja Jumamosi. Moraa amepata shule, na mdogo wake amepata meno mawili ambayo hukuyaona.

Halafu jana alikuja dada yako. Hakukubali hata kuketi. Alisimama mlangoni, majirani wakisikia, akasema kwamba nilikufungia nje ya chumba kule gesti, kisha nikakuacha ufe peke yako hospitalini kama mtu asiye na watu. "Pazia katikati!" alisema. "Kaka yangu amekata roho na pazia katikati!" Nyabuto alikuwepo. Aliangalia chini. Tata, neno moja tu lingeniokoa pale, nami nikalimeza. Limenikwama.

Unakumbuka jinsi ilivyokuwa. Siku ile mlima ulipoanguka tulikuwa ng'ambo tukichuma, Mungu akatuficha. Tulilala kanisani, tukala uji wa watu wema, ndipo wale wa msaada wakasema familia zenye watoto wadogo na wazee zitalipiwa gesti Kaplong kwa muda, mpaka tujipange. Watu walipiga makofi. Kitanda, shuka safi, maji ya moto yanayotoka ukutani! Hata mimi nilipiga. Kisha, tulipofika gesti, kijana mmoja wa msaada akaniwekea ufunguo mkononi akasema, "Familia moja, room moja. Mmebahatika, yenu iko na choo ndani."

Choo ndani! Mimi nilitazama ufunguo, wewe ukatazama dari. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya wiki ile haikuwa ya kuombwa mara mbili. Nilimvuta kijana kando nikamnong'oneza kwamba haiwezekani. Akanishangaa. "Mum, wenzako wanalala kwa darasa, na wewe unakataa hoteli?" Nikaona haya. Ningemweleza nini, na wewe umesimama pale?

Wewe ulichukua kiti cha plastiki ukakiweka kwenye korido. Ukamwambia Moraa, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Ambia mama yako mimi nitachunga mlango. Hapa town wezi ni wengi." Wezi gani, Tata? Na wangeiba nini? Kila tulichokuwa nacho kilikuwa kwenye tope.

Asubuhi Mama Njeri, mwenye gesti, alikukuta umejikunja kwenye kile kiti ndani ya kabuti lako. Aligonga mlango wangu kwa ngumi. "Woi! Wewe msichana, umefungia mzee nje kama mbwa? Na hivi vitanda vimelipwa!" Wageni wakachungulia kila upande. Nilisimama na mtoto mgongoni. Kumweleza mbele yako kungekuwa kukuvua nguo. Ndipo ukainuka polepole, magoti yakilia, ukausemesha ukuta. "Mama, wachana na huyu mtoto. Hajanifukuza. Ni heshima yetu imelala hapa nje."

Huyu mtoto. Sikuwahi kusikia ukinitaja. Nilirudi ndani nikajifungia kwenye kile choo chao nikalia.

Mama Njeri ana mdomo lakini hana roho mbaya. Alitikisa kichwa, akasema kwao mzee hulala palipo na blanketi na maneno yanaisha. Hata hivyo alikutolea godoro akakupa stoo ya nyuma ya jikoni, wanakoweka magunia ya viazi. Haya, ukawa chifu wa viazi. Hujamaliza hata siku mbili ukawa unagombana na mpishi, "Unatupa waru nusu na maganda!" Ukamnyang'anya kisu ukamwonyesha. Nilikuwa upande wa pili nikifua nepi, nikakusikia ukicheka. Hukuwa umecheka hivyo tangu Mama, mkeo, atutoke. Nilifurahi sana, Tata. Nilidhani tumeshapita pale pabaya.

Lakini kifua chako kilikuwa kimekunywa umande wa mashamba tangu ujana, halafu ikaja mvua ya mkasa ule, halafu korido. Kikohozi kilianza kidogo, kikaongezeka. Mama Njeri mwenyewe ndiye aliyeita gari.

Hospitalini hapakuwa na mtu wako ila mimi. Nyabuto alikuwa msituni na simu haishiki. Dada yako alikuwa mbali, naye alipopigiwa alisema barabara zimekatika, jambo ambalo jana alilisahau. Nikasimama kwenye mlango wa wodi ya wanaume, sijui niweke wapi miguu. Muuguzi, kijana wa Kipsigis, akaniambia, "Mum, ingia tu. Huyu si ni kama babako?" Nikamjibu, "Ndiyo maana siingii." Alinitazama, akakutazama, akaelewa. "Hata sisi tuko na hizo mambo," akasema. Akavuta pazia kuzunguka kitanda, akaniwekea stuli upande wa nje, karibu na kichwa chako. Yeye ndiye aliyekuogesha na kukulisha. Mungu amzidishie.

Na kupitia lile pazia, Tata, tuliongea! Vitu ambavyo hatukuongea miaka yote. Ulinieleza ulivyokuja kuchuma chai ungali mvulana, kapu refu kukushinda. Ulinieleza Mama alivyokukataa mara ya kwanza kwa sababu ya masikio yako. Nami nikakuambia kwamba nilipoolewa nilikuwa nikisikia kikohozi chako nje natetemeka, kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu mkuu. Ulicheka mpaka ukapaliwa. "Nilikuwa nakohoa ndio mjue napita," ukasema. "Ndio usishtuke."

Mchana ule wa mwisho mvua ilipiga mabati ya wodi mpaka hatukusikiana tena. Ilipopungua nikakuita, hukujibu. Nikaita tena. Ndipo nikaona mkono wako. Ulitokea chini ya pazia, kiganja juu, kile kidole gumba chenye weusi wa utomvu wa chai usiotoka hata kwa sabuni. Ukatulia pale, ukingoja.

Niliangalia wodi. Kila mtu na ugonjwa wake. Nikakupa mkono.

Uliushika kwa nguvu kuliko nilivyodhani umebaki nazo. Halafu vidole vikalegea kimoja kimoja, mkono ukawa mzito, nikajua. Sikufungua pazia. Niliurudisha mkono wako taratibu juu ya shuka, bila kutazama, ndipo nikamwita muuguzi.

Hilo ndilo neno lenyewe. Nikilisema, dada yako atanyamaza, na jina langu litasafika kutoka hapa mpaka Kisii. Lakini nawajua watu wetu. Watasema mzee aliyelala kwenye kiti kwa ajili ya heshima aliivunja mwishoni. Wataitisha mbuzi, wataitisha utakaso, waoshe kitu ambacho mimi sikuona uchafu wake. Sijui, Tata, kama ulikuwa umechoka na chinsoni, au uliona kwamba mkono chini ya pazia haumo ndani yake. Huna wa kumjibu sasa, na sitaki ujibishwe.

Jana jioni, dada yako alipokwisha kuondoka, Nyabuto alikaa kitandani akinitazama nikipika. Akaniuliza, "Baba alikuwa peke yake?" Nikamwambia, "Hapana." Akangoja nimalizie. Nilisonga ugali. Kisha akainuka akampokea mtoto mgongoni mwangu, akasema, "Basi sawa." Naona amenisadiki. Mume wangu huyo, masikio ni yako na moyo ni wako.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Nitakuja kwenye kumbukumbu yako Kisii, nitakaa nyuma na wake wengine, na dada yako atasema tena yale ya pazia. Nitainamisha macho kama ulivyonizoea, nimwache amalize. Waniite mkwe mbaya. Watoto wakikua na kuniuliza, nitawaambia babu yao alikuwa mtu wa heshima mpaka saa ya mwisho, na sitakuwa nimewadanganya.

Kwaheri, Tata. Wewe ndiye uliyenyoosha mkono kwanza. Hilo nitakufa nalo.

Mke wa mwanao,
Mama Moraa