Sikumuoza Rukia

Malindi, Jumamosi, Machi 1986. Joto tangu asubuhi, upepo hakuna, na nimeamka na hasira zote za jana.

Uani wanawake wanaosha masufuria ya biriani, wanacheka. Mimi nimejifungia chumbani mwa marehemu baba, naandika, kwa sababu sina uso wa kutoka nje.

Jana dada yangu mdogo, Rukia, aliolewa. Walii wake, wa kumuoza, ni mimi, maana baba hayupo na kaka hana mwingine. Mara ya mwisho tulipoonana, baba alinishika mkono akaniambia Rukia nimuoze mwenyewe, nisimwachie mtu. Nikaahidi.

Sikumuoza.

Treni iliondoka Nairobi Alhamisi jioni kwa wakati wake. Nilishapiga hesabu: asubuhi Mombasa, kisha basi, kivuko cha Kilifi, adhuhuri niko nyumbani, na nikaha ni baada ya sala ya alasiri. Nafasi tele. Alfajiri nikaamka tumesimama kwenye kistesheni kimoja nyikani, mbele ya Voi. Mkaguzi wa tiketi akasema kile chuma kinachohamisha treni kutoka reli moja hadi nyingine kimekwama. Mafundi wako kazini, nusu saa tu.

Saa mbili alisema nusu saa. Saa nne akasema nusu saa. Dirishani niliwaona hao mafundi, wawili, mmoja anagonga kwa nyundo na mwenzake amechuchumaa anamtazama. Walikuwa wanangoja spea ije na treni nyingine, na hiyo nyingine haiwezi kupita kwa kuwa reli ni moja na sisi ndio tumeiziba. Abiria wengine walicheka. Mimi nilitamani kumpiga mtu.

Mama mmoja wa Tezo, aliyekaa mkabala nami, alikuwa ameshanidadisi hadi akajua naenda kumuoza dada yangu. Alifunga mzigo wake, akasema anakwenda barabarani kutafuta lori.

"Mwanangu, twende," akaniambia. "Chuma hiki hakina harusi."

Nikatazama kanzu yangu iliyopigwa pasi, nikatazama sanduku la zawadi za Rukia, nikalitazama na lile vumbi la nje. Nikabaki. Nilimwamini mkaguzi.

Treni ikaondoka saa sita. Mombasa tuliingia saa tisa. Kilifi nikakuta foleni ya magari kwenye kivuko, na pale kwenye foleni ndipo nilipojua kwamba nikaha sitaiwahi. Nilishuka Malindi adhana ya magharibi inaadhiniwa, na wageni wanatoka nyumbani kwetu wakinipa pole, kama waliotoka matangani.

Kadhi alikuwa na nikaha nyingine Mambrui. Alingoja hadi saa kumi na moja, akasema hawezi zaidi. Walii akiwa mbali safarini na hakuacha wakala, kadhi ndiye husimama mahali pake. Basi Rukia akaozwa na kadhi, kama mtoto asiye na jamaa, na Ami Salim, ndugu yake baba, amekaa pale pale mkekani.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Wiki tatu nyuma Ami Salim aliniandikia. Aliniomba nimtumie barua ya uwakala, ili safari ikiharibika amuoze yeye kwa niaba yangu. Barua yake niliichana, wala sikumjibu. Baba alipofariki, mimi kazini sikupewa ruhusa mapema, nikafika siku ya tatu, nikakuta Ami ameshazigawa nguo zake zote. Hata kofia moja sikuachiwa. Miaka mitatu nimeiweka ile kofia moyoni. Niliposoma barua yake nikasema, dada yangu hamgawi.

Jana Rukia alinisimulia, hina bado mbichi mikononi. Ami Salim ndiye aliyesimama njiani juani akinitazamia, na mara mbili aliingia ndani kumsihi kadhi aningoje kidogo zaidi. Kadhi alipokuja mlangoni kuomba idhini yake, Rukia alilia. Watu wakadhani ni kilio cha maharusi.

"Barua tu, kaka," akaniambia. "Ningeozwa kwa jina lako."

Nilikwenda kumwamkia Ami. Shikamoo, marahaba, pole na safari. Hakuniuliza neno, hata kama barua yake niliipata. Afadhali angenitukana.

Treni nimeitukana tangu jana na nitaendelea kuitukana. Lakini kile chuma kiligongwa nusu siku kikaachia. Mimi ninagongwa na nini?

Alasiri Rukia anaondoka na mumewe kwenda Lamu. Itanibidi nitoke kumuaga, na Ami atakuwa amesimama pale mlangoni, mahali aliposimama jana kuningoja. Nikishamwamkia, nimwambie kwamba barua yake ilinifika?