Chumvi Kwenye Tuta Langu

Mama mpenzi,

Shikamoo. Huku Utange jua ni kali, nami naona wivu, wallahi. Shangazi alitugawia matuta ya mchicha, mimi na binti yake Saumu. Saumu alichukua la kando ya msitu. Mimi nilichagua peupe, palipokatwa miti ya kuchoma makaa, nikidhani nimempiku. Mchicha wake umenawiri. Wangu umekauka, na kila nikiumwagilia udongo unazidi kuwa mweupe. Nimeuonja: ni chumvi!

"Utafungua duka la chumvi lini, mwenzangu?" Saumu ananicheka.

Shangazi asema miti ilikuwa ikiyanywa maji ya chini, na chumvi ikakaa huko huko. Ilipokatwa, maji yalipanda na chumvi yake, jua likayakausha, chumvi ikabaki juu. Dawa ni mvua kubwa na miti mipya, kwa hivyo nimeshapanda miche ya mwarobaini.

Lakini Baba akija Jumamosi kunichukua, atapikiwa mchicha wa Saumu, na atausifu mbele yangu. Mama, nakuomba, mshibishe sana kabla hajaondoka.

Nakubusu mikono,
Mwanao Zuhura